Kilele Kimetokea, Lakini ni cha Nini? Utatuzi wa matatizo unapopima kwa fluoresensi DNA iliyoharibiwa na benzopirini

Fluoresensi ni mng'aro wa kitu kinachopokea mwanga na kuutoa ukiwa wa rangi nyingine. Kabla hujagusa sampuli, jaza maji safi ya maabara kwenye kyuveti, kile kichupa angavu kinachokaa ndani ya mashine ya kuupima mng'aro huo. Weka mwanga unaoingia kwenye nanomita 350 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), kisha soma mwanga unaotoka kuanzia 365 hadi 450. Utaona kilele kidogo karibu na 397. Huo si uchafu. Ni maji yenyewe yanautawanya mwanga kwa namna iliyogunduliwa na C. V. Raman kule Kolkata mwaka 1928. Pima urefu wa kilele hicho kila asubuhi, kwa mianya ileile ya kupitishia mwanga na mipangilio ileile, uuandike kwenye daftari la mashine. Maswali mengi ninayoletewa kuhusu kipimo hiki yangejibiwa na daftari hilo kabla mtu hajamwaga DNA aliyohangaika nayo wiki nzima.

Tukumbushane tunachopima. Benzopirini, kwa jina kamili benzo[a]pirini, hutoka popote kitu kinapoungua bila kuisha: kuni, mkaa, dizeli, sigara, lami ya makaa ya mawe. Yenyewe haigusi DNA kirahisi. Mwili ndio unaoigeuza katika jitihada za kuitoa nje, na katika kugeuzwa huko hupatikana umbo kali liitwalo diolepoksidi, ambalo hunasa kwenye guanini, moja ya herufi nne za DNA, na kubaki hapo. Kipande kilichonasa kina mifupa ya pirini, pete nne za kaboni zilizoungana, na pirini hung'aa. Tunaichemsha DNA kwenye asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M, nyuzi 90 za Selsiasi, kwa saa 4. Kipande kinabanduka kikiwa tetroli, nasi tunasoma tetroli: mwanga unaingia kwenye 344 hivi, unatoka kwa vilele viwili, karibu na 380 na karibu na 400.

Kemikali hii iligunduliwa kwa njia hiyohiyo. Jijini London, Izrael Hieger aliona kwamba lami zinazosababisha saratani zilikuwa na mng'aro wenye mikanda mitatu, kwenye 400, 418 na 440. Yeye na wenzake wakaufuata mng'aro huo hatua kwa hatua, wakianza na tani mbili za lami, mpaka mwaka 1933 wakaitenga benzopirini yenyewe. Waliamini mwanga, lakini waliuhakiki kila walipopiga hatua.

Sasa hesabu, maana hesabu ndiyo inayoeleza kwa nini kipimo hiki kinasumbua. Tuseme una mikrogramu 100 za DNA, na kuna guanini moja iliyonaswa katika kila nyukliotidi (matofali yanayojenga DNA) milioni 100. Nyukliotidi moja ina uzito wa karibu 330, kwa hiyo una nanomoli 300 hivi za nyukliotidi, na ndani yake femtomoli 3 tu za tetroli (femtomoli ni sehemu ya milioni ya nanomoli). Ziweke kwenye mililita moja ya maji, ni pikomola 3. Katika kiwango hicho kila kitu kinang'aa kuliko unachokitafuta: maji, plastiki, sabuni, jasho la kidole.

Kilele kipo, lakini kipo hata kwenye sampuli tupu, isiyo na DNA

Mtuhumiwa wa kwanza ni maji. Ukiingiza mwanga wa 344, kilele cha Raman cha maji hutokea karibu na 390, yaani katikati kabisa ya vilele viwili vya tetroli. Kwenye sampuli hafifu kinaviunganisha vyote kuwa kilima kimoja kinene, na mtu anadhani amepata tetroli yenye umbo baya. Kumjua ni rahisi: badilisha mwanga unaoingia. Ukiuweka 340, Raman inahamia 384. Ukiuweka 350, inakwenda 397. Tetroli haihami, bali inapanda au kushuka ilipo. Kilele kinachokufuata kila unapogeuza kitufe ni cha maji.

Kama unatumia kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha vitu kabla ya kuvisoma, yenye methanoli au asetonitrili, kumbuka vimiminika hivyo vina Raman yake karibu na 383. Ukisoma kwenye 380 unakuwa umeikalia. Soma kwenye 398.

Njia ninayoipenda zaidi ni skani ya pamoja, ambapo mwanga unaoingia na unaotoka huenda kwa pamoja ukiacha pengo lisilobadilika. Kwa tetroli pengo ni nanomita 34, maana 380 ukitoa 346 unabaki na 34. Vilele vyote vinajikunja kuwa kimoja chembamba karibu na 346. Raman ya maji kwa pengo hilo inaangukia karibu na 300, mbali kabisa na unapotazama. Mtu asiye na kromatografia anaweza kufanya kazi ya heshima kwa skani hii peke yake, mradi sampuli si hafifu mno. Ila kama mashine yako hairekebishi mwanga wa taa, usishtuke kuona mwiba mwembamba karibu na 467. Ni mstari wa zenoni, taa inajitangaza.

Mtuhumiwa wa pili ni sabuni, na huyu aliwahi kunilaza maabara. Tulikuwa na kilima kipana kuanzia 420 hadi 450 kilichotokea kwenye kila sampuli, hata kwenye maji yaliyopita hatua zote bila DNA. Tulibadilisha asidi, tukabadilisha vichupa, tukaazima kyuveti. Usiku wa pili nikazima taa za chumba nikawasha taa ya urujuanimno ya mkononi, ile ya 365. Mkono wa koti langu ukawaka buluu. Kisha ukingo wa bika tuliyokuwa tunachanganyia asidi ukawaka buluu ileile, kwa mchirizi mwembamba uliokuwa umekauka pale maji ya kusuuzia yalipoishia. Bika ilikuwa imeoshwa kwa sabuni ya unga ya kufulia. Sabuni hizo hutiwa vinang'arisho ili nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi, na vinang'arisho hufyonza mwanga wa 340 mpaka 370 na kuutoa ukiwa wa buluu. Baadhi ya karatasi za kufutia zinavyo pia, kwa hiyo usifute kyuveti na karatasi yoyote iliyo karibu.

Osha kwa sabuni ya maabara isiyo na vinang'arisho, suuza kwa methanoli, kisha maji safi mara nyingi. Vyombo vya kioo visivyo vya kupimia ujazo vichome kwenye tanuri nyuzi 450 kwa saa kadhaa. Na hiyo taa ya mkononi iwekwe mahali kila mtu anapoifikia.

Mtuhumiwa wa tatu ni plastiki. Kyuveti ya polistirini haifai hapa: inang'aa yenyewe na kuukata mwanga unaoingia. Tumia kwatzi. Vichupa vya plastiki vilivyokaa na kimiminika cha kikaboni, kama methanoli, hutoa vitu vyake, basi kihifadhi kwenye kioo.

Mwanga ni hafifu kuliko ulivyotegemea

Kama hata maji ya asubuhi yameshuka, acha kuilaumu DNA. Taa imezeeka, au kioo cha ndani kimeshika vumbi, au mtu amebadilisha mianya akasahau kuirudisha.

Maji yakiwa sawa, jiulize kama kweli umechemsha. Wapo wanaosoma DNA nzima moja kwa moja wakitegemea kipande kilichonasa kiwake. Kinawaka, lakini kidogo sana, kwa sababu guanini iliyo jirani inauzima mwanga wake kabla haujatoka. Tetroli ikishabanduka na kuelea peke yake ndipo inang'aa ipasavyo. Kwa hiyo asidi isiyofika kipimo, au hita iliyoandikwa 90 huku ndani ya kichupa ni 78, inakupunguzia pande zote mbili: vipande vichache vinabanduka, na vilivyobaki vimezimwa. Weka kipimajoto ndani ya kichupa chenye maji katikati ya hita, usisome namba ya nje.

Halafu kuna oksijeni, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni tatizo na ni dawa kwa wakati mmoja. Pirini ikishapokea mwanga hubaki imeushika muda mrefu kwa viwango vya molekuli, zaidi ya nanosekunde 100 katika maji yasiyo na oksijeni. Molekuli nyingi zinazong'aa huushika kwa nanosekunde chache tu. Muda huo mrefu unaipa oksijeni iliyoyeyuka nafasi ya kuifikia na kuizima. Ziba kyuveti, pitisha nitrojeni polepole kwa dakika 10 hadi 15, soma tena. Ikiwa ni tetroli, kilele kitapanda waziwazi. Ikiwa ni sabuni au kipande cha plastiki, kwa kawaida hakitatikisika. Hakuna jaribio jepesi kama hilo la kutenganisha pirini na uchafu, na gharama yake ni robo saa.

Kwenye kromatografia oksijeni huonekana kwa sura nyingine: vilele vya standadi, yaani tetroli ya kiasi unachokijua, vinashuka vyote kwa pamoja siku hadi siku, bila kubadilika umbo wala wakati. Watu hubadilisha safu (mrija wa kutenganishia), hununua standadi mpya. Angalia kwanza kifaa cha kutoa hewa kwenye vimiminika, mara nyingi ndicho kilichokufa.

Rangi nayo huiba mwanga. DNA iliyotoka kwenye damu ikibaki na wekundu wa hemoglobini, ikichemshwa kwenye asidi inakuwa ya kahawia. Hemu, sehemu ya hemoglobini yenye rangi, hufyonza sana karibu na 400, kwa hiyo kilele cha 400 hupungua kuliko cha 380. Linganisha uwiano wa vilele viwili na ule wa standadi yako. Ukipotoka, punguza ukali wa sampuli mara mbili. Mwanga usipopungua kwa nusu, sampuli inajifunika yenyewe. Ufyonzaji kwenye 344 ukiwa chini ya 0.05, huna haja ya kuhofu.

Kipengele cha mwisho hapa ni kupotea njiani. Usikaushe sampuli mpaka ikauke kabisa kisha utegemee kila kitu kirudi kutoka kwenye ukuta wa kichupa. Chukua DNA ya tezi ya thaimasi ya ndama, itie tetroli unayoijua kiasi, ipitishe hatua zote, uone ni kiasi gani kinarudi. Mwaka hadi mwaka namba hiyo ndiyo inayoniambia kama mkono mpya kwenye benchi umeshazoea.

Namba zinaruka, au zinashuka kila unaporudia

Kilele kikishuka kila unaposoma tena, mwanga wenyewe unaichujua sampuli kama jua linavyochujua kitenge kwenye kamba. Funga dirisha la mwanga kati ya usomaji, punguza mwanya wa mwanga unaoingia, usiache kyuveti ndani ukaenda kunywa chai.

Zikiruka juu na chini bila mpango, piga kyuveti jicho. Katika maabara za pwani hili ni la kila siku: umeitoa sampuli kwenye barafu, unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa unaishukia, na baada ya sekunde chache kioo kina ukungu mwembamba usiouona mpaka ukiinamishe kwenye mwanga. Ukungu hutawanya mwanga. Iache sampuli ifikie joto la chumba ikiwa imefunikwa gizani, ifute, ndipo usome. Sampuli iliyotoka kwenye baridi hutoa pia vipovu vidogo vinavyokaa kwenye ukuta wa kyuveti. Igonge kidogo kwa kucha.

Joto lenyewe hubadilisha mng'aro. Kiyoyozi kikizima mchana, standadi ya asubuhi haiwezi kuhukumu sampuli ya alasiri. Soma standadi kila baada ya sampuli tano au sita. Umeme ukikatika na kurudi, ipe taa ya zenoni nusu saa itulie, kisha rudi kwenye maji.

Kilele ni kizuri, umbo ni sahihi, na hapo ndipo pa kuogopa

Matatizo ya juu hukuudhi. Hili hukudanganya, maana kila kitu kinaonekana kama ulivyokiomba.

Tetroli inaweza kuwa ya kweli na isiwe imetoka kwenye DNA. Diolepoksidi hiyohiyo hunasa kwenye albumini na kwenye hemoglobini, protini za damu, na asidi huibandua kutoka huko vilevile. Protini kidogo iliyobaki kwenye DNA yako inaweza kubeba tetroli nyingi. Niliwahi kupata sampuli tatu za damu zilizozidi wenzake kwa mbali, za akina mama wanaokausha samaki kwa moshi, na kila mtu benchini alikuwa tayari kuamini kwa sababu tulikuwa tunalitarajia. Nikarudia kusafisha nusu zilizobaki: proteinasi K (kimeng'enya kinachokata protini) tena, kutenganisha tena, kushusha kwa ethanoli tena. Mbili zikashuka kabisa zikaungana na wenzake. Uwiano wa ufyonzaji wa 260 kwa 280 ulikuwa umetosha kupita mara ya kwanza, kwa sababu uwiano huo ni mpole mno kwa protini: DNA hufyonza kwa nguvu kiasi cha kuificha. Usiutegemee peke yake.

Ndiyo maana sikubali DNA yote ichemshwe siku moja. Mililita 10 za damu hutoa mikrogramu kati ya 200 na 400 za DNA, nyingine hupotea njiani. Gawa nusu. Aliyejitolea damu yake hakujitolea mara ya pili.

Pili, kunaweza kuwa na kitu kilichofuata DNA bila kunasa: benzopirini yenyewe, au haidroksipirini, ambayo mwili huitengeneza kutokana na pirini ya kwenye moshi uleule. Kabla ya kuchemsha, osha DNA kwa ethili asetati mara tatu au zaidi, usome maji ya mwisho ya kuoshea. Yakiwaka, endelea kuosha. Benzopirini huru utaitambua kwa kuwa inapenda mwanga wa 380 na kujibu karibu na 405 na 430.

Tatu, RNA, nduguye DNA. Inafyonza kwenye 260 kama DNA, kwa hiyo inakuza kipimo cha DNA na kupunguza uharibifu unaouripoti. Tumia ribonukleasi, kimeng'enya kinachoikata RNA.

Ukiishapita hapo, usiridhike na mwanga unaotoka peke yake. Simamisha mwanga unaotoka kwenye 398, chora mwanga unaoingia kuanzia 300 hadi 370. Tetroli ina vilele karibu na 314, 328 na 344, cha mwisho kikiwa kirefu. Umbo hilo ni gumu kuigizwa. Halafu ongeza standadi kidogo ndani ya sampuli ileile: kilele kirefuke bila kupanuka wala kuota bega.

Mwaka 1983 watafiti waliochunguza mkojo wa watu wa Murang'a, Kenya, walitafuta guanini iliyonaswa na aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi, kwa kutumia fluoresensi. Hawakusema wameikuta. Walisema wamekuta kitu kinachodhaniwa kuwa ndicho, chenye mng'aro unaofanana nacho kabisa. Naiheshimu sana sentensi hiyo. Fluoresensi inakupa kufanana. Katika maabara ya Ames huko Iowa, Marekani, kundi la Gerald Small liligandisha sampuli mpaka kelvini 4.2 kwa heliamu kimiminika na kuzichochea kwa leza, mpaka kilima kipana kikagawanyika kuwa mistari myembamba inayotenganisha hata maumbo pacha ya kipande kilichonasa. Wengi wetu hatuna heliamu. Tuna skani mbili, nitrojeni na sampuli tupu, basi tuseme kwa kadiri ya tulivyo navyo.

Kemikali yako haing'ai

Arseniki, risasi na benzini haviachi alama inayong'aa, na DNA yenyewe kwa joto la chumba karibu haing'ai kabisa. Mashine hii haitakuonyesha kitu hata uikoroge vipi. Pima mikatiko ya DNA badala yake: jaribio la kometi, ambapo DNA iliyokatika huburuta mkia kama wa kometi, au kufunua DNA kwenye alkali ukitumia rangi inayong'aa ikinasa nyuzi mbili. Ila jihadhari na kemikali inayoingilia rangi yenyewe. Tia rangi kwenye DNA nzima, ongeza kichafuzi hapohapo, soma mara moja. Mwanga ukishuka papo hapo, kichafuzi kinagombana na rangi, na hujapima uharibifu wowote.

Kila kitu kimekaa sawa na hakuna kilele

Basi hilo ni jibu, lakini si sifuri. Andika "chini ya kikomo", na kikomo kihesabu kwa DNA uliyokuwa nayo, usikinakili kwenye kitabu cha mashine. Kama mashine yako inaona femtomoli 3 na ulichemsha mikrogramu 100, kikomo ni guanini 1 iliyonaswa kwa nyukliotidi milioni 100. Kama DNA ilikuwa mikrogramu 20 tu, kikomo ni 5 kwa milioni 100, na mtu mwenye 4 umemwandikia kwamba hana kitu. Weka kiasi cha DNA kwenye safu yake katika jedwali, kando ya kila jina la siri, ili anayesoma aone mwenyewe ni nani aliyepimwa vizuri na ni nani wa kurudiwa kwa ile nusu iliyobaki kwenye friza.